Sledi ya shemegi iliyokuja na klachi ya milimani

Ngoja nikiandike hiki kisa chote mara moja, maana nimeshakieleza kwa simu mara tatu na kila mara naruka kipande, afu mtu anaenda kufungua klachi yake kwa kubahatisha.

Shemegi yangu, mume wa dada, anakaa Duluth, kaskazini ya Minnesota, pale kwenye ziwa Superior. Mtu wa Mombasa, nesi wa shifti za usiku, miaka sita kazi yake kulalamika baridi tu mpaka siku jirani akampakia kwenye pikipiki ya theluji, huku wenyewe wanaita sledi, ile yenye ski mbili mbele na treki ya mpira inayozunguka nyuma. Wiki mbili baadae keshanunua ya kwake. Mtumba, Ski-Doo ya 2012, injini ya Rotax 600 E-TEC, tustroki silinda mbili. Bei nzuri, kilomita chache, imeoshwa inang'aa kama ya bi harusi. Mi niko Minneapolis, kwa barabara ni kama kilomita 250, na hata hajamaliza nayo wiki akanipigia. "Shemegi, hii kitu inakula mikanda."

Kwa nini mimi? Kwa sababu kabla sijaja huku nilikuwa kwenye gereji ya skuta Mwanakwerekwe, Unguja. Sio zile Vespa za gia, hapana, zile skuta mpya za otomatiki wanazokodishwa watalii, za puli mbili na mkanda. Na sledi ukiifungua boneti ya kushoto unakuta kitu kile kile, ila kimekula kimeshiba. Skuta ya mtalii ina nguvu farasi kama kumi, hii ina zaidi ya mia. Kanuni ni ile ile moja.

Kanuni yenyewe iko hivi, na ukiielewa hii mengine yote yanakuja wenyewe. Sledi haina gia za kubadilisha. Kuna puli ya mbele imekaa kwenye krenki ya injini, na puli ya nyuma inayozungusha treki, katikati mkanda mpana. Puli hizi mbili ndo tunaziita klachi, ya mbele na ya nyuma. Kila puli ina pande mbili kama sahani mbili zinazotazamana. Ya mbele ndani yake ina springi inayozisukuma sahani ziachane, na ina vyuma vitatu vya uzito ambavyo injini ikizunguka kwa kasi vinatupwa nje, vikitupwa vinazibana sahani, mkanda unapanda juu. Hiyo ndo gia inapanda. Ya nyuma ina springi yake inayozibana sahani, pamoja na kipande cha chuma chenye mteremko kinaitwa heliksi, ambacho treki ikipata mzigo kinazidi kuubana mkanda na kuurudisha gia ndogo. Kwa hiyo muda wote kuna mbele anayetaka kupandisha na nyuma anayetaka kushusha, wanavutana kamba, na injini inatakiwa ikae palepale penye nguvu zake. Kwa hii 600 E-TEC hapo ni karibu mizunguko 8,100 kwa dakika, ukivuta mafuta yote. Sio 7,500, sio 8,500. Tustroki ina ekzozi iliyopimwa, nguvu yake imejaa sehemu nyembamba, ukipita juu makelele yanaongezeka ila kwenda huendi.

Sasa dalili. Nilienda Jumamosi, baridi nyuzi 18 chini ya sifuri, nikamwambia apande mbele yangu mi nimfuate na sledi ya jirani kwenye njia ya North Shore, ile inayotoka Duluth mpaka Grand Marais, maili 146, kona na vilima vitupu ndani ya msitu. Nikabadilishana nae katikati ili niisikie mwenyewe. Kwanza, ukibana mafuta taratibu haiendi, haiendi, haiendi, afu ikifika kama 4,700 inaruka kama mbuzi aliyekatikiwa kamba, shingo inabaki nyuma. Pili, kwenye kilima ukivuta yote geji inapanda mpaka 8,450 na inakaa huko inapiga kelele. Tatu, na hii ndo ilikuwa inamuudhi zaidi, ukipunguza kuingia kona afu ukivuta kutoka, injini inalala, inashuka huko 6,500, inakohoa kidogo, mpaka ijikusanye kona imeshapita na jirani keshapotea. Na juu ya yote harufu ya mpira kuungua. Mikanda miwili ndani ya kilomita mia nne, na mkanda mmoja huku ni zaidi ya dola 150, sio pesa ya kuchezea.

Hapa nikiri kosa langu. Ile kulala kwenye kona nikaisoma kama mafuta. Nikabadilisha plagi, nikamwambia amwage petroli ya zamani, tukachunguza vichungi, Jumamosi nzima ikaisha tumeganda vidole na sledi iko vile vile. Na yeye kabla yangu alishampelekea fundi mmoja ambae alimwambia tatizo ni mkanda wa bei rahisi, anunue wa gharama. Akanunua wa gharama. Nao ukaungua, kwa gharama.

Usiku tunakunywa chai ya tangawizi pale garaji, heater imewashwa, mi nimekaa kwenye ndoo natazama tu ile sledi, nikaona upande wa chini wa boneti, karibu na kioo, stika mpya imebandikwa juu ya ya zamani na kona yake imenyanyuka. Nikaibandua kwa ukucha. Chini yake stika ya kibali cha njia za Wyoming.

Nikamuuliza, "Shemegi, aliyekuuzia alikwambia ilikuwa wapi?"

"Alisema ya hapa hapa Minnesota, alikuwa anaenda nayo likizo."

Likizo. Milima ya Wyoming watu wanapanda sledi huko juu mita 3,000 na zaidi. Duluth penyewe pale ziwani ni kama mita 180 tu, na hata ukipanda vilima vya ile njia hufiki hata mita 700. Na hapa ndo kiini cha kisa chote. Juu kule hewa nyembamba, injini inapoteza kama asilimia 3 ya nguvu kwa kila futi elfu moja, kwa hiyo kwenye futi elfu kumi karibu theluthi imekwenda. Injini dhaifu haiwezi kuvisukuma vile vyuma vya uzito ikafika mizunguko yake, kwa hiyo watu wa milimani wanaipunguzia klachi mzigo, wanaweka springi kali ili ianze kushika kwa mizunguko mingi, inyanyuke juu ya theluji laini na nyingi. Sawa kabisa, kwa kule. E-TEC ina kompyuta, ukiishusha chini inajipimia mafuta upya yenyewe, ndo maana injini ilikuwa haina kosa lolote na mi nimepoteza siku kuipekua. Ila klachi haina kompyuta. Ni chuma na springi, inakumbuka Wyoming mpaka mtu aende na spana aisahaulishe.

Asubuhi tukafungua. Kabla ya lolote, kamba ya usalama imetolewa, injini imezimwa, maana kuna watu wanawasha na kava ya mkanda iko wazi kutazama puli zinavyofanya kazi, mkanda ukikatika pale unatoka kama mjeledi na miguu yako ipo hapo hapo.

Klachi ya mbele ya Ski-Doo za aina hii ina kitu kizuri sana ambacho skuta zangu hazikuwa nacho. Kwenye uso wake kuna skrubu tatu, moja kwa kila mkono wa uzito, kila moja ina alama kichwani na imezungukwa na nafasi sita. Watu wanaziita kliki. Ukiizungusha unabadilisha pembe ya ngazi ambayo ule mkono unaipanda ndani, na kila nafasi moja ni takriban mizunguko 200. Namba kubwa inaongeza, ndogo inapunguza. Kiwandani kwa kawaida zinakaa kwenye 3. Na angalieni, namba 1 haijachapwa, ni nafasi tupu, kwa hiyo usihesabu kuanzia unapoona maandishi ukadhani hiyo ndo ya kwanza. Za shemegi zilikuwa zote kwenye 5. Nafasi mbili juu, mara 200, ni 400. Toa 400 kwenye ile 8,450 tuliyoiona unapata 8,050. Nilicheka peke yangu pale chini, shemegi akadhani nimeganda ubongo.

Kuzirudisha ni kazi ya dakika kumi, ilinichukua saa moja na nusu. Kwa sababu unatakiwa ulegeze nati kidogo tu, uvute ile skrubu nje kiasi cha kuizungusha, uirudishe. Kidogo tu. Mi na glovu zangu nikavuta ya pili mpaka ikatoka, na ndani kuna washa, washa ikaanguka tumboni mwa sledi chini ya injini. Tulimulika tochi, tukainamisha sledi upande, shemegi akaleta sumaku ya kwenye friji ya dada, ile ya picha ya watoto, tukaifunga kwenye kipande cha waya. Washa ikapatikana imekwama kwenye sponji ya kuzuia kelele. Nati ikafungwa kwa kipimo, ni ndogo, niutoni mita 10 tu, usiikaze kwa hasira. Na zote tatu namba moja, ukiacha moja tofauti klachi inabana upande, itatetemeka na kujila yenyewe.

Afu hatukugusa kingine. Hapa watu wengi wanaharibu, wanabadilisha vitu vitatu kwa pamoja, ikipona hawajui kipi kimeponya na ikizidi hawajui kipi kimeharibu. Tukatoka, tukaupasha mkanda moto kwa dakika kumi, tukaenda kilima kile kile, anaanza polepole chini anavuta yote, mi nasoma. Tunapima kilimani kwa sababu mzigo unaifanya geji itulie ndani ya sekunde mbili tatu kabla ya mwendo kuwa mkubwa, Minnesota mwisho ni maili 50 kwa saa kwenye njia za umma na sina haja ya kueleza kwa askari kwamba nilikuwa nafanya utafiti. Geji ikasema 8,050. Hesabu imekubali.

Lakini kuruka kule kwa mbuzi kupo, na kulala kwenye kona kupo. Kwa sababu hivyo ni vitu vingine.

Kuruka ni springi ya mbele. Springi ya klachi ina namba mbili, nguvu yake ikiwa imefungwa tu imekaa, na nguvu yake ikiwa imebanwa mpaka mwisho. Ya kwanza ndo inaamua klachi ianze kushika kwenye mizunguko mingapi, ya pili ndo inachangia juu kabisa. Tulipotoa kava ya klachi, bolti zake unazilegeza kidogo kidogo kwa kuzunguka kwa sababu springi inakusukuma uso, na unaweka alama ya mwelekeo ili kava irudi ilivyokuwa maana vile vimepimwa uzani pamoja, tukakuta springi yenye mistari ya rangi ambayo sio ya kiwandani kwa modeli hii. Namba ya kwanza kubwa mno, ya pili karibu sawa. Kwa njia ya msituni hiyo ni adhabu. Unatembea polepole nyuma ya familia, unasimama kwenye makutano, unapita daraja, kila ukiondoka mkanda unateleza kwenye mizunguko 4,700 mpaka ushike, na hapo ndo unaungua. Theluji ya njia imeshindiliwa na mashine, huhitaji kunyanyuka kama wa mlimani, unahitaji kuondoka kwa adabu. Tukaagiza springi ya kawaida, ikaja baada ya siku nne, nikaelekeza kwa video na shemegi akaiweka mwenyewe. Ikawa inashika kama 3,600, laini.

Ya kona ndo iliyonifurahisha kama fundi. Wikiendi iliyofuata nilikuja na kile kipimajoto cha kulenga mwanga. Tukaenda kilomita kumi za kona, tukasimama, zima, kava wazi, nikapima. Puli ya mbele nyuzi 58. Ya nyuma 94. Hata bila kipimo mkono unakwambia, ya mbele unaishika, ya nyuma unaruka. Skuta nazo hivyo hivyo, puli inayoungua ndo ambayo mkanda unateleza ndani yake. Kama nyuma ni moto basi nyuma haibani, na kama haibani haiwezi kushusha gia unapotoka kwenye kona, mkanda unabaki juu kwenye gia kubwa, injini inabebeshwa mzigo, inalala. Haikuwa mafuta hata siku moja.

Tukaitoa. Ndani vumbi jeusi la mikanda miwili iliyokufa limeshindiliwa kama tumbaku ya kutafuna, bushi inakwama, ukiifungua puli kwa mkono ukaiachia inarudi kivivu badala ya kugonga. Tukasafisha kwa spiriti na kitambaa, nyuso za puli nikazisugua kwa dodoki la kijani mpaka ule mng'aro ukatoka. Shemegi akaja na kopo la grisi, nikamshika mkono. Klachi hizi zinafanya kazi kavu, grisi ikitupwa na mzunguko inaenda kwenye mkanda. Springi ya nyuma tukaiweka mpya kwa sababu ya zamani ukiisimamisha kando ya mpya ilikuwa fupi, macho tu yanaona, imechoka kwa joto.

Jirani, mzee mmoja mkarimu sana, akashauri tubadilishe na heliksi tuweke ya pembe kali. Nilikataa, kwa heshima. Pembe kali inapandisha gia haraka, utamu wake ni kwenye ziwa lililoganda unapokwenda moja kwa moja, ila inazidisha uvivu wa kushusha, na shemegi maisha yake yote ni kona. Tena huwezi kuihukumu heliksi wakati springi yake imekufa.

Nikaangalia na mkanda unavyokaa. Sledi imezimwa, mkanda utokeze juu ya ukingo wa puli ya nyuma milimita moja hivi. Ukizama, unaanza safari na gia ambayo si ya kwanza. Ukitokeza sana, sledi inajivuta yenyewe ikiwa sailensi, yaani injini inawaka tu hujavuta mafuta. Wa kwake ulikuwa umezama, nikaurekebisha. Mkanda mpya tukauosha kwa maji ya uvuguvugu na sabuni, ukaanikwa jikoni juu ya kiti, dada akauliza hiki nini kinanuka gereji kwenye nyumba yangu, na shemegi akaendesha kilomita hamsini za mwanzo bila kuvuta yote. Alilalamika njia nzima.

Afu kilima tena. 8,150, na nilitegemea, springi mpya ya nyuma inazuia gia isipande ovyo kwa hiyo mizunguko inaongezeka kidogo. Ndo maana sikukimbilia kuitoa ile 8,050 ya mwanzo hadi 8,100 kamili. Shemegi akataka tushushe kliki mpaka 2 tuone, nikamwambia acha, 200 itatuweka chini, na hii ni baridi kali yenye hewa nzito, Machi jua likitoka yenyewe itashuka kidogo. Joto baada ya kilomita kumi, mbele 55, nyuma 61. Kutoka kwenye kona haishuki chini ya 7,600 na inanyanyuka kabla hujamaliza kunyoosha handeli.

Tangu hapo amepiga kilomita mia tisa na mkanda ni ule ule. Sio kwamba amekuwa dereva mzuri, juzi ameipeleka kwenye mti wa msonobari kwa mwendo wa mtu anayetembea.

Saivi kuna mpango wenzake wa kazini wanakodi trela mwezi wa tatu kwenda wapi, Wyoming. Na yeye anaenda. Nikamwambia basi chukua kalamu ya wino mzito, andika ndani ya kava ya mkanda: DULUTH 3-3-3, springi ya kawaida. Chini yake acha nafasi tupu ya kuandika utakachoweka ukifika kule. Akaandika kwa Kiswahili na akaongeza mwenyewe, kwa atakayeinunua baada yake, "usidanganywe".